Kijitabu cha futur proche kinachouzwa Lubumbashi: kinunue, lakini kagua karatasi kwanza

Kijitabu chenyewe kina kurasa 48, ukubwa wa nusu ya A4, na pini mbili mgongoni. Kinauzwa kwenye sekretariati za fotokopi na kwenye meza za wauza madaftari, katikati ya mji na hata huko kwenye komini za Kenya na Katuba. Hakina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Jalada linasema tu « Le futur proche », yaani ule wakati ujao wa Kifaransa wa « je vais payer » (nitalipa), na chini yake, kwa Kiswahili, kwamba kimeandikiwa wanaojifunzia Kifaransa nyumbani. Bei yake inacheza kwenye bei ya madaftari mawili ya shule.

Hukumu tunaitoa mapema: kinunue, hasa kama Kifaransa unakisikia kila siku kazini au kwenye mikutano ya wazazi shuleni, unakielewa, lakini ukitaka kusema la kesho ulimi unakwama. Kinafundisha jambo moja tu, na jambo hilo kimelipanga vizuri kuliko vitabu vinene. Kasoro zipo: sheria moja isiyo ya kweli, mazungumzo yaliyosahau heshima, somo la vitenzi vya « se » lililofanywa mbiombio, na majibu machache yaliyokosewa. Karibu zote zinasahihishika kwa biki, na tutasema wapi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini anunue kijitabu cha wakati mmoja wakati kuna vitabu vikubwa vya minyambuliko. Sababu ni kwamba ukifungua kitabu kikubwa kwenye ukurasa wa « manger » utakuta présent, imparfait, passé simple, futur simple (wakati ujao wa neno moja, kama « je mangerai »), na zile nyakati zinazojengwa kwa « avoir » au « être ». Futur proche mara nyingi hutaikuta. Haijasahauliwa: wanasarufi wanaihesabu kuwa ni muungano wa vitenzi viwili, « aller » pamoja na kitenzi kingine, kwa hiyo haipewi safu yake kwenye jedwali la kila kitenzi. Unachotafuta kiko ukurasa wa « aller », safu ya présent de l'indicatif, na hakuna anayekuambia hivyo. Wengi huishia kukariri futur simple ya vitenzi mia, nayo ndiyo njia ndefu.

Kijitabu kinaanzia mahali panapotakiwa. Ukurasa wa 3 una maumbo sita kwa herufi kubwa: je vais, tu vas, il va (pia elle va, on va), nous allons, vous allez, ils vont (pia elles vont). Ukurasa wa 4 unaeleza jambo ambalo walimu wengi hulipita: kwenye karatasi maumbo ni sita, ila sikio linasikia matano, kwa kuwa « vas » na « va » hutamkwa sawasawa. Hapo ndipo yanapozaliwa makosa ya maandishi kama « il vas » na « on vas ». Dawa yake ni imla ya mistari kumi, ifanywe mara mbili, mtu mwingine akisoma. S iko kwa « tu » peke yake. « On » huandikwa kama « il », hata pale maana yake ni « sisi ».

Matamshi yamepewa mistari michache, na inatosha. « Nous allons » na « vous allez » huunganishwa kwa sauti ya z, nu-zalon, vu-zale. Kwa « ils vont » s ya « ils » haisikiki, kwa sababu v ni konsonanti. « Vont » hutokea puani. Ukilisema « vonti » au « vone » unaeleweka, ila linachelewesha masikio.

Kutoka ukurasa wa 5 hadi wa 9 kuna vitenzi arobaini katika infinitif (umbo la kamusi), vimegawanywa kwa miisho: -er, -ir, -re, -oir. Uteuzi ni mzuri, maana ni vitenzi vya maisha ya hapa: acheter, payer, vendre, attendre, descendre, partir, finir, recevoir, voir, prendre, faire. Na hapa ndipo faida ya futur proche inapoonekana wazi. Futur simple ya « voir » ni « je verrai », ya « envoyer » ni « j'enverrai », ya « venir » ni « je viendrai », ya « savoir » ni « je saurai », ya « faire » ni « je ferai », ya « aller » yenyewe ni « j'irai ». Kila moja ina shina lake la kukariri. Kwenye futur proche mashina hayo yote hayahitajiki: je vais voir, je vais envoyer, je vais venir, je vais savoir, je vais faire, je vais aller. Kitenzi cha pili kinabaki kama kilivyo kwenye kamusi, hakipati s ya wingi wala e ya kike. « Elles vont partir », basi.

Zoezi la ukurasa wa 9 linakutaka uchukue vitenzi kumi na uvipitishe kwenye nafsi sita, yaani sentensi sitini. Lifanye kwa sauti, si kwa kuandika tu, na usiende kwa mpangilio wa je-tu-il. Anayefuata mpangilio huo kila mara hujifunza wimbo, siku akiulizwa « Et eux? » inabidi auimbe wote kutoka mwanzo ndipo afike kwa « ils vont ». Ruka: anza na vous, nenda il, rudi je.

Ukurasa wa 10 ndio bora kuliko zote. Unashughulikia kosa linaloonekana zaidi kwenye matangazo ya maduka na ujumbe wa simu: « je vais mangé », « nous allons payé », « vous allez acheté ». Sikioni « manger », « mangé » na « mangez » ni kitu kimoja, kwa hiyo mwandishi hana pa kushika. Kijitabu kinatoa kipimo: ondoa kitenzi cha -er, weka « vendre » mahali pake. Utasema « je vais vendre » au « je vais vendu »? Sikio linakataa « vendu » mara moja. Basi kama ni « vendre » inayokaa, andika -er. Kipimo hicho hicho kinakulinda upande wa pili: « le sac va être payé » ni sahihi, kwa kuwa « le sac va être vendu » inakaa vizuri. Baada ya « aller » infinitif, baada ya « être » hiyo participe (umbo kama « payé », « vendu »). Kama utasoma ukurasa mmoja tu, soma huu.

Ukurasa huo pia unaonya juu ya kuchomeka neno katikati. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea ku- ya « kununua », anatafuta kitu cha kusimama mahali pake, ndipo anasema « je vais à acheter », « je vais de acheter ». Ku- hiyo tayari imo ndani ya -er. Kati ya « vais » na « acheter » usiweke à, de wala pour. Vinavyoruhusiwa kuingia ni vichache tu: « pas » na wenzake, viwakilishi, na vielezi vifupi kama « bien », « encore », « bientôt ».

Somo la kukanusha, kurasa 12 hadi 17, limebeba mengi na halichoshi. Kanuni ni kwamba « ne » na « pas » zinakizunguka kitenzi « aller », si kile cha pili: je ne vais pas payer, tu ne vas pas payer, il ne va pas payer. Kwa « nous » na « vous », « ne » inakuwa « n' » kwa sababu « allons » na « allez » zinaanza na vokali: nous n'allons pas payer, vous n'allez pas payer. Nafsi nyingine zote zinaanza na v, kwa hiyo « ne » inabaki nzima. Anayeandika « je n'vais » ameandika mazungumzo ya mtaani, na kwenye barua ya kuomba kazi haifai. Vivyo hivyo « je vais pas » bila « ne »: utaisikia kila mahali, nayo mdomoni hakuna anayekushangaa, lakini kwenye karatasi rudisha « ne ».

« Plus » na « jamais » hukaa pale pale pa « pas »: je ne vais plus attendre, elle ne va jamais accepter. « Rien » nayo: je ne vais rien acheter. Lakini « personne », « aucun » na « nulle part » zinahamia baada ya kitenzi cha pili: je ne vais attendre personne, je ne vais acheter aucun cahier, nous n'allons aller nulle part. Tofauti hii hata waliosoma huikosea, na kijitabu kimeitenga kwenye kisanduku chake, ukurasa wa 15. Kisanduku kinachofuata kinakumbusha kwamba « du », « de la » na « des » hugeuka « de » ukikanusha: je vais acheter du sucre, je ne vais pas acheter de sucre. Kwa muuza duka hizi ni sentensi za kila saa.

Kasoro ni mfano mmoja wa ukurasa wa 14, « Je vais ne pas payer », uliowekwa kana kwamba ni njia ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Sarufi haiukatazi kabisa, lakini hiyo ni namna ya nadra ya kutilia mkazo uamuzi wa kutotenda. Anayeanza akiichukua kuwa ya kawaida, atasikika vibaya kila siku. Ukate.

Viwakilishi vinakuja kurasa 18 hadi 22, na hapa mwandishi ameonyesha kwamba anawajua wasomaji wake. Kwenye Kiswahili kiwakilishi cha kitu hukaa kimegusa shina la kitenzi: nita-ki-nunua, nita-m-lipa. Kifaransa cha futur proche kinafanya hivyo hivyo: je vais l'acheter, je vais le payer. Kiwakilishi kiko mbele ya kitenzi cha pili, kimekiegemea. Mtu wa Lubumbashi ana bahati hapa. Afuate mpangilio wa lugha yake na hatapotea. Kosa la « je le vais payer » hutoka kwa aliyekwisha kujifunza « je le paie » akaihamisha ilivyo. Hata ukikanusha, kiwakilishi hakisogei: je ne vais pas le payer.

Vikiwa viwili, mpangilio ni huu: me, te, nous, vous hutangulia le, la, les, na le, la, les hutangulia lui, leur. Je vais vous le donner. Je vais le lui donner. Halafu « y » na « en », ambazo Kiswahili hakina sawa yake kamili: je vais y aller, je vais en prendre deux, je vais vous en donner trois. Mazoezi ya « en » ni machache mno kwa kitu kinachotumika sokoni kila dakika. Mteja akiulizwa « Vous allez en prendre combien ? » anapaswa kujibu bila kufikiri, na mazoezi manne hayampeleki hapo. Ongeza yako: tumia makala (mkaa), sukari, mayai, unga, na idadi tofauti.

Sasa karatasi ya katikati, kurasa 23 hadi 26, vitenzi vya « se ». Somo hili lilihitaji kurasa nyingi zaidi, na lenyewe ndilo limefanywa haraka. Kiswahili kina -ji- isiyobadilika: nitajificha, utajificha, tutajificha. Kamusi ya Kifaransa inatoa « se cacher », na mtu anaona « se » ndiyo -ji- yake. Matokeo: « je vais se laver », « nous allons se lever ». Ukweli ni kwamba « se » ya kamusi ni ya nafsi ya tatu tu, na kiwakilishi hicho lazima kifuate kiima: je vais me laver, tu vas te laver, il va se laver, nous allons nous laver, vous allez vous laver, elles vont se laver. Kijitabu kinaweka jedwali moja bila kueleza kwa nini, kinaweka mifano sita, na mmoja wa mifano hiyo kimeukosea chenyewe: ukurasa wa 25 umeandika « Demain nous allons se lever tôt ». Iwe « nous allons nous lever tôt ». Hiyo « nous » mara mbili inawatisha watu, wanadhani ni kurudia bure. Ya kwanza ni kiima, ya pili ni ile -ji-.

Namna ya kufidia udhaifu huo: chukua vitenzi vitano, se laver, se lever, se reposer, se marier, s'asseoir, uvipitishe kwenye nafsi sita mara tatu kwa wiki, kisha uvikanushe. « Je ne vais pas me reposer. » « Vous n'allez pas vous asseoir ? » Ukiweza « vous n'allez pas vous » bila kusita, umelimaliza somo hata kama kijitabu hakijalimaliza.

Ukurasa wa 27 una ile sheria isiyo ya kweli. Unasema futur proche hutumika kwa jambo litakalotokea ndani ya saa 24, na kwamba zaidi ya hapo lazima futur simple. Kifaransa hakipimi hivyo. « L'année prochaine, nous allons construire une maison » ni Kifaransa safi, na mwaka ujao uko mbali. « Proche » ni ukaribu na hali ya sasa ya msemaji: jambo limekwisha amuliwa, limeanza kupangwa, au dalili zake zinaonekana tayari. Ukiona mawingu meusi juu ya Ruashi, sema « il va pleuvoir ». Ukisema « il pleuvra », umetoa utabiri, kama mtu wa hali ya hewa redioni. Na kwenye mazungumzo ya kawaida Wafaransa wenyewe hutumia futur proche kwa mengi ambayo shule ingeyaandika kwa futur simple. Aliyeshika sheria ya saa 24 atakuwa anahesabu saa badala ya kusema.

Kwa mvua hiyo hiyo, kijitabu kinaonya vizuri juu ya « la pluie veut tomber ». Tunasema « mvua inataka kunyesha », na wengi wanaihamisha neno kwa neno. Kifaransa cha shule kinataka « il va pleuvoir », na kwa jambo lililo mlangoni kabisa « être sur le point de »: le bus est sur le point de partir. Pamoja nayo kuna « il va y avoir » na « il va falloir ». Kumbuka « y » inakaa mbele ya « avoir », si mbele ya « va ». « Il y va avoir » ni kosa. Na « va » haiendi wingini hata kama vitu ni vingi: il va y avoir des problèmes.

Kurasa 28 hadi 30 zinashughulikia « si » na « quand ». Somo ni fupi na limefikiriwa. -ki- yetu inabeba yote mawili: « ukifika utanipigia » yaweza kuwa na shaka au kuwa na uhakika. Kifaransa kinatenganisha. Kwa shaka ni « si », na baada ya « si » ya masharti hakuna futur: si tu viens, on va manger ensemble. Kwa uhakika ni « quand », na hapo kwa kawaida futur simple inaingia: quand tu arriveras, tu m'appelleras. Wanaoandika « si tu vas venir » au « si tu viendras » wameweka wakati ujao pande zote mbili. Kuna « si » nyingine, ile ya kuuliza, inayoruhusu: je ne sais pas si elle va venir. Kijitabu hakikuitaja, na msomaji makini atakutana nayo kesho yake akachanganyikiwa. Iandike pembeni.

Kisha kuna utata wa « aller » yenyewe: kuenda kwa miguu, au wakati ujao? « Je vais travailler à Likasi » yaweza kuwa na maana zote mbili. Kijitabu kinashauri uangalie swali lililoulizwa. « Où vas-tu ? » inaleta jibu la safari. « Qu'est-ce que tu vas faire ? » inaleta jibu la mpango. Na kama kiima ni kitu kisichotembea, hakuna utata: le pain va manquer, le courant va partir. Ukitaka safari na wakati ujao pamoja, « je vais aller à Likasi » ni sahihi kabisa. Wapo wanaoikwepa wakidhani ni kigugumizi.

Mazungumzo yamewekwa kurasa 34 hadi 40: kwenye basi, sokoni, kliniki, kwa mwenye nyumba, mezani. Hayo ya mezani yanapendeza, na bukari na sombe vimeitwa kwa majina yake. Lakini muuzaji anamwambia mama mzima « Tu vas prendre combien ? », na kijana anamwambia mwenye nyumba « Tu vas attendre un peu ». Hapa kwetu hakuna anayemwambia mkubwa hivyo. Iwe « Maman, vous allez prendre combien ? » na « Papa, vous allez attendre un peu, s'il vous plaît ». Si jambo dogo: mwanafunzi anameza mazungumzo mazima, na akiyameza na « tu » atayatoa na « tu » mbele ya mgonjwa, mteja au mkuu wa shule. Pia anabaki na « vas » mdomoni na kuinyima « allez » mazoezi, ambayo ndiyo atakayoihitaji zaidi kazini. Pitia mazungumzo yote kwa biki, ubadilishe kila « tu vas » inayoelekezwa kwa mkubwa au mgeni. Usisahau viwakilishi vinavyoandamana nayo: « te » iwe « vous », « ton » iwe « votre ».

Maswali ya kugeuza yanaingizwa ndani ya mazungumzo hayo bila maelezo. Ujue tu kwamba kati ya vokali mbili huingia t: va-t-il, va-t-elle, va-t-on. Kwa « vont » t ipo tayari, kwa hiyo « vont-ils ». Asiyetaka taabu hiyo atumie « est-ce que »: est-ce qu'ils vont venir ?

Kilichokosekana kabisa ni imparfait ya « aller », yaani umbo lake la wakati uliopita. « J'allais sortir quand la pluie a commencé », yaani nilikuwa nataka kutoka mvua ikaanza. Muungano huu hukubali nyakati mbili tu kwa « aller », présent na imparfait: j'allais, tu allais, il allait, nous allions, vous alliez, ils allaient. Ukisema « je suis allé manger » umetoka kwenye maana ya wakati ujao ukaingia kwenye safari: ulienda mahali, ukala. Ukurasa mmoja ungetosha, na ukurasa wa 42 uko mtupu, umeandikwa « Notes ». Andika jedwali hilo hapo.

Kuhusu uchapaji, hapa ndipo fedha hupotea. Kijitabu ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa katikati, kila moja ikibeba kurasa nne. Ya nje ina kurasa 1, 2, 47 na 48. Ya pili ina 3, 4, 45 na 46. Maana yake, karatasi ya pili ikikosekana, umepoteza jedwali la « aller » na sehemu ya majibu kwa pamoja, na kijitabu hakina kazi tena. Kabla ya kulipa fungua ukurasa wa 3, kisha wa 45. Halafu fungua katikati, 24 na 25: karatasi ya 12 ndiyo hutoka pinini kwanza, na ukiivuta kidogo utajua kama pini zimeshika. Karatasi ikiwekwa kichwa chini, kurasa mbili hugeuka na hesabu inaruka; angalia namba za chini haraka haraka.

Jambo lingine ni fotokopi ya fotokopi. Alama ndogo za juu ya herufi ndizo hufa kwanza: « à » inakuwa « a », « é » inakuwa « e ». Kwenye somo ambalo lote linasimama juu ya tofauti ya « payé » na « payer », hilo ni hasara kubwa. Tazama ukurasa wa 10 kwenye mwanga. Kama « mangé » na « mange » hazitofautiani, omba nakala nyingine. Muuzaji mwenye nakala mama atakutolea mpya papo hapo.

Asinunue nani? Anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, tayari ana mambo haya, na anahitaji futur simple, futur antérieur na conditionnel, ambazo hazimo. Mtoto wa shule ya msingi pia atachoka, kwa sababu maelezo ni ya mtu mzima. Na asiyejua kabisa kusoma Kifaransa aanze na mtu wa kumsomea kwa sauti, la sivyo « vais » ataitamka va-i-si.

Ukishanunua, masahihisho ya kuandika kabla ya zoezi la kwanza ni haya. Ukurasa wa 14, kata « Je vais ne pas payer ». Ukurasa wa 25, « nous allons nous lever ». Ukurasa wa 27, futa mstari wote wa saa 24. Ukurasa wa 36, « Vont-t-ils arriver ? » iwe « Vont-ils arriver ? ». Kwenye majibu, ukurasa wa 44, jibu la 6, « Je ne vais acheter rien » iwe « Je ne vais rien acheter ». Na ukurasa wa 46, jibu la 3, « Si tu vas venir, je vais t'attendre » iwe « Si tu viens, je vais t'attendre ».